Kiti Kikilazwa, Hakuna Kunywa

Mdogo wangu ni kinyozi, na kwenye kibanda chake kuna sheria moja tu. Unaweza kuingia na viatu vya matope. Unaweza kuisema vibaya timu yoyote, hata anayoishabikia yeye mwenyewe. Unaweza kukaa kwenye benchi kutwa nzima bila kunyolewa, ukasoma gazeti la jana na kulirudisha likiwa limekunjwa ovyo. Lakini kiti kikishalazwa, hunywi kitu. Si chai, si soda, si maji. Kinywaji chako kinakaa kwenye rafu chini ya kioo mpaka mgongo wa kiti unyanyuke, na wewe unyanyuke nao.

Sheria hiyo ilizaliwa siku za mwanzo kabisa za kibanda. Mteja mmoja alikuwa amelala kitini, anasubiri povu lilainishe ndevu, akaomba apewe soda yake. Akapewa, akapiga funda. Soda ikapotea njia. Ikatokea puani pamoja na povu la sabuni, yule bwana akakurupuka kama aliyeitwa polisi, na wembe ulikuwa tayari umeshafika jirani na shingo yake. Hakuumia. Kesho yake alirudi akilalamika kwamba soda ilipanda hadi sikioni, na sikio linamuuma, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mdogo wangu peke yake hakucheka.

"Nilikuwa na wembe mkononi, Dada," aliniambia. "Wembe."

Tangu hapo, hakuna mtu aliyekunywa kitu kwenye kiti kilicholazwa. Au ndivyo sote tulivyoamini.

Viti vyenyewe ni viwili, pacha, vya chuma na ngozi nyekundu iliyopasuka na kuzibwa kwa utepe mweusi. Vilitoka kwenye duka la kinyozi mwingine aliyestaafu, na ni vizito kiasi kwamba waliovileta walivitua mlangoni wakaomba maji kwanza. Ubavuni kila kimoja kina mkono wa chuma. Ukiuvuta, mgongo wa kiti unashuka polepole huku ukiguna, na mteja anajikuta anatazama dari. Mdogo wangu, kwa kuwahurumia wanaotazama dari, amebandika huko juu picha ya mlima wenye theluji aliyoikata kwenye kalenda. Kiti kimoja kinafanya kazi. Cha pili hakipandi wala hakizunguki, lakini mgongo wake bado unalala vizuri, basi kikasukumwa kwenye kona, kikawa kiti cha akiba. Baadaye kikawa kiti cha Kamanda.

Kamanda ni binti yake. Amepewa jina la bibi yetu, lakini hakuna anayelitumia, hata bibi angekuwa hai nadhani naye angemwita Kamanda. Mama yake, yaani wifi yangu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Anaondoka giza halijaisha na kurudi alasiri akiwa na unga kwenye nyusi. Kwa hiyo mtoto alilelewa kibandani, kati ya mashine za kunyolea, poda na mabishano ya mpira. Alijifunza kutembea kwa kushika magoti ya wateja waliokaa kwenye benchi, goti moja hadi jingine, kama mtu anayekagua gwaride.

Jina la Kamanda alilipata siku aliponyolewa mara ya kwanza. Watoto wote huogopa mashine. Mdogo wangu ana mbinu zake kwa ajili yao: anaiwasha akiwa mbali, anaipitisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, anaimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno, na bado wengi wao hulia mpaka jirani yake, fundi viatu, anakuja kuuliza kuna nini. Binti yake hakulia. Mashine ilinguruma nyuma ya kisogo chake, yeye akaendelea kuchezea kofia ya chupa ya spiriti. Hakupepesa jicho. Benchi zima likapiga makofi.

"Huyu si mtoto," alisema Mzee Kipara. "Huyu ni kamanda wa jeshi."

Mzee Kipara anahitaji maelezo kidogo. Ni dereva wa lori aliyestaafu, na kichwani hana unywele hata wa dawa. Hata hivyo ndiye mteja mwaminifu kuliko wote. Anakuja kunyoa ndevu, lakini hasa anakuja kukaa. Kila akiingia mdogo wangu humuuliza, "Mzee, leo staili gani?" Naye hujibu, "Nipunguzie pembeni, juu uniachie kama kulivyo." Wameambiana hivyo miaka na miaka, na wote wawili bado hucheka.

Masikio yalianza mtoto alipoanza kutembea. Kwanza homa, kisha akawa anavuta sikio la kulia, analia kila akilalia upande huo. Asubuhi wifi akakuta alama ya majimaji ya njano kwenye mto. Zahanati wakamchungulia kwa kile kifaa chenye taa, wakampa dawa ya maji ya rangi ya waridi na matone ya kutia sikioni, akapona. Baada ya wiki chache ikarudi. Akapona tena. Safari iliyofuata likawa la kushoto.

"Yanapokezana," wifi aliniambia. "Kama walinzi wa getini. Huyu akitoka zamu, mwenzake anaingia."

Wifi yangu hana tabia ya kulalamika. Alisema hivyo huku anacheka, lakini macho yake yalikuwa ya mtu ambaye usingizi wake unakuja vipande vipande.

Kibandani, kila mteja alikuwa na tiba. Mmoja alisema mafuta ya moto, mwingine kitunguu, wa tatu pamba iliyochovywa kwenye kitu ambacho sitakitaja hapa. Mdogo wangu aliwasikiliza wote kwa heshima, kisha akasema walichosema zahanati, kwamba hakiingii kitu sikioni ila kile alichoandika daktari. "Ninyi mkinyoana wenyewe mnajikata," aliwaambia. "Sasa mnataka kuingia kwenye sikio?"

Matone yalikuwa kazi yake yeye. Wifi alijaribu mara kadhaa, na kila mara dawa ilimwagika kila mahali isipokuwa sikioni. Mtoto alijinyonga kama samaki. Lakini mdogo wangu amekuwa akishika masikio ya watu tangu ujana; kunyoa nyuma ya sikio kunataka ulikunje kwa kidole gumba, taratibu, bila mwenyewe kugundua kwamba limekunjwa. Akawa anamfunga binti yake kitambaa cha mteja shingoni, anampuliza kisogoni kama anayeondoa nywele, anampangusa kwa brashi ya poda, analikunja lile sikio na kusema, "Tunachonga kidogo hapa, bosi," na kabla bosi hajajua, tone limeshaingia. Kisha alimweka hivyo hivyo, kichwa upande, mkono juu ya shavu, mpaka dawa ishuke. Niliwahi kumwona akifanya hivyo huku wateja wanasubiri. Hakuna aliyeguna. Watu wazima wenye kazi zao walikaa kimya kwenye benchi, wakitazama tone la dawa likishuka ndani ya sikio la mtoto.

Lakini matone yanatibu ugonjwa uliokuja. Hayauzuii ule unaokuja.

Mwishowe zahanati wakawaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa masikio. Nilikwenda nao, kwa sababu mdogo wangu alisema akiwa na wasiwasi hasikii anachoambiwa, na wifi alisema akiwa na hasira anasahau cha kuuliza. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba anayezungumza haraka. Alimchungulia Kamanda sikio la kwanza, la pili, akarudia la kwanza.

"Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo," alisema. "Chumba hicho kinapumua kwa mrija unaotokea huku nyuma ya pua. Kwa mtu mzima mrija umeinama, vitu vinashuka. Kwa mtoto ni mfupi na umelala, vitu vinapanda. Sasa hivi vyumba vyote viwili vimejaa majimaji."

"Anasikia lakini?" mdogo wangu aliuliza.

"Anasikia. Ila anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye ndoo. Anaongea maneno mangapi?"

Tukatazamana. Alikuwa akisema kitu kama "baa", ambacho kilikuwa baba, au basi, au mbwa wa jirani. Wenzake wa umri ule walikuwa wameshaanza kutukana.

Mdogo wangu akasema, polepole, kama anayejisemesha, "Kwa hiyo mashine. Ile siku ya mashine."

Daktari hakujua ni mashine gani. Sisi tulijua. Nilimwona akiutazama mkono wake. Jambo alilojivunia mbele ya benchi zima lilikuwa limegeuka pale pale mbele ya macho yake, na hakukuwa na mtu wa kulalamikiwa. Mtoto hakuwa jasiri. Alikuwa hasikii.

Daktari akaendelea na maswali yake. Nyumbani kuna anayevuta sigara? Hakuna. Kazini kwa baba? Wanavutia nje, amewakataza. Bado anatumia chupa ya maziwa?

"Bado," wifi alisema.

"Anainywa akiwa amelala kitandani?"

"Hapana, Daktari. Zahanati walishatukataza. Nyumbani namkalisha mapajani, akimaliza kabisa ndipo namlaza."

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, kwa moyo mweupe kabisa. Nami nikaitikia, maana nilikuwa nimeona mwenyewe jinsi wifi anavyomshika mtoto wima saa za kulala, huku kichwa chake mwenyewe kinaanguka kwa usingizi.

"Vizuri," daktari alisema. "Basi tusubiri msimu wa mvua uishe, mafua yapungue. Mkirudi nikikuta majimaji bado yapo, na amekuwa akiugua, tutamwekea vijirija masikioni. Vidogo kuliko punje ya mchele. Analazwa kwa dawa ya usingizi, tunaweka, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tunafanya kila wiki. Msiogope."

Mdogo wangu aliogopa. Hakusema, lakini tulipofika nje alimbeba mtoto kwa namna ya mtu aliyekabidhiwa kitu cha kioo. Si vile vijirija vilivyomtisha, aliniambia baadaye. Ni ile dawa ya usingizi. "Mimi nikimlaza anaamka, Dada. Huyo atakayemlaza, mimi simjui."

Hivyo ndivyo jambo lilivyosimama: msimu mmoja wa mvua, na masikio mawili ambayo yalipaswa kukauka kabla haujaisha.

Wakafanya kila walichoweza. Wakamfunika kofia, wakamfuta kamasi kila dakika, wakafukuza kila mtoto mwenye mafua. Sikio likauma tena. Kibanda kikawa kimya kwa siku kadhaa. Mdogo wangu alinyoa bila kuongea, na mteja asipoongeleshwa na kinyozi hujiona kama yuko hospitali. Mzee Kipara alilalamika kwamba hajaulizwa staili.

Sasa niwaambie kuhusu mchana mmoja nilipopita kibandani wakati wa mapumziko ya kazi, kama nilivyozoea, kumsalimia shangazi yangu mdogo. Ndivyo tunavyoitana mimi na Kamanda, kila mmoja ni shangazi wa mwenzake. Mzee Kipara alikuwa amelazwa kitini, uso mzima povu, macho kwenye mlima wa theluji. Glasi yake ya chai ilikuwa kwenye rafu chini ya kioo, inatoa mvuke.

"Fundi," alisema, "nipe funda moja tu."

"Mzee, kiti kimelala."

"Koo limekauka."

"Litalowa ukinyanyuka."

"Chai itapoa."

"Sheria haipoi, Mzee."

Mzee Kipara akageuza macho tu, maana kichwa alikuwa amekatazwa kukigeuza. Akayatuma macho yale kwenye kona.

"Na yule je?"

"Yupi?"

"Yule jirani yangu. Kiti chake kimelala kuliko changu. Anakunywa chupa yake, anatazama mlima wake, hana wasiwasi. Yeye ana leseni?"

Benchi likacheka. Kwenye kona, Kamanda alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha akiba, mgongo wa kiti chini kabisa, miguu imepandana, chupa ya maziwa imesimama mdomoni. Ndivyo alivyolala kila mchana. Kilikuwa kitanda kizuri kuliko vyote, kilimtosha kama kimepimwa, na ule mgongo ukishuka na kuguna kwake macho yake huanza kufumba yenyewe. Tulikuwa tunawaonyesha wageni.

"Yule ni mtoto, Mzee," mdogo wangu alisema, naye anacheka.

"Mtoto ana pua ngapi? Mimi nina kipara ndiyo maana ninabaguliwa. Yule bwana wa soda ilimpanda hadi sikioni, mkatunga sheria. Yule pale ikimpanda ataenda kushitaki wapi?"

Mdogo wangu alikuwa ameinua wembe. Aliushusha. Akaendelea kucheka kidogo, kama gari linaloendelea kusogea baada ya injini kuzimwa, kisha kicheko kikaisha. Alimtazama mtoto. Akaitazama chai kwenye rafu. Akaniangalia mimi, nami nikainamisha macho, kwa sababu nilikuwepo kwa daktari, nilisikia kuhusu mrija uliolala, na nilikuwa nimepita kibandani mchana baada ya mchana na kukitazama kile kiti.

Wala hatukumdanganya daktari. Aliuliza kuhusu kitanda. Kitandani hakunywa. Na kwa mdogo wangu, aliyekaa nusu ya maisha yake akiwaambia watu "karibu ukae" na kisha kuwalaza, mtu aliye kitini amekaa, hata kama anatazama dari. Ilikuwa inahitaji mtu aliyenyimwa chai kuona tofauti.

Aliweka wembe kwenye trei. Akaenda kwenye kona, akauvuta ule mkono wa chuma, mgongo wa kiti ukapanda na Kamanda akapanda nao, chupa bado mdomoni, uso umejaa mshangao wa mfalme aliyepinduliwa. Kisha akalia, na alilia kwa nguvu.

Nyuma yetu, Mzee Kipara aliona sheria haina msimamizi. Akanyanyuka mwenyewe, akakaa wima kama mtu mwenye adabu, akachukua glasi yake na kunywa chai na povu lake usoni.

Kazi ya kumwambia wifi nilidhani ningepewa mimi, lakini mdogo wangu alimwambia mwenyewe, jioni ile nyumbani kwao, kabla hata wifi hajavua viatu vya kazini. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mimi usiku namshika wima kama bendera," alisema. "Nasinzia nimesimama. Kumbe mchana wewe unamlaza kama mteja."

"Nilikuwa namwona yuko kitini."

"Yuko kitini."

"Viti vyote hivyo, mke wangu, watu wanakaa."

Wifi alimtazama kwa muda mrefu. Nilijiandaa kutoka nje. Halafu akaanza kutikisika mabega, akakaa kwenye kochi, akafunika uso kwa mikono yake yenye unga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyechoka kupita kiasi, lisilosimama, na mdogo wangu akasimama pale hajui acheke au aombe msamaha, akafanya yote mawili.

"Na huyo mzee," wifi alisema alipopata pumzi, "mnyoe bure mwezi mzima."

"Anyolewe nini?"

Wakaanza upya.

Kesho yake mkono wa chuma wa kiti cha akiba ulifungwa kwa mkanda wa kunolea wembe, fundo juu ya fundo. Juu ya mikono ya kiti kikawekwa ule ubao wanaokalishwa wateja wadogo, na Kamanda akakalishwa hapo na kitambaa shingoni, chupa mkononi. Hakukubali. Alijaribu kujirudisha nyuma. Akajaribu kuteleza. Akagundua kwamba akishuka na kwenda kujilaza chini nyuma ya benchi hakuna atakayemwona, na kwa siku mbili kweli hakuna aliyemwona. Baada ya hapo kibanda chote kikawa mlinzi. Kila chupa ilipotoka, neno lilikuwa moja, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa fundi viatu mlangoni, kutoka kwa mteja ambaye ndiyo kwanza anaingia na hajui lolote ila amesikia wenzake:

"Kaa, Kamanda. Kaa."

Baada ya maziwa alilala kwenye kigodoro, isipokuwa siku alizoamua kulala mapajani mwa Mzee Kipara, ambaye aliganda kama sanamu na kunong'ona kwamba yuko kizuizini, aletewe chai. Chupa yenyewe ikaanza kubadilishwa na kikombe. Maziwa yalimwagika kwenye ngozi nyekundu, kwenye gazeti la jana, na siku moja kwenye kiatu cha mteja aliyekuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi. Hakuna aliyelaumu, ingawa kiatu kilinuka.

Hatukujua kama inasaidia. Hilo ndilo gumu la masikio: kimya chake hakisemi kama yamepona au yanajipanga. Katikati ya mvua mtoto akapata mafua, na sote tukajikunyata tukisubiri. Homa ikaja. Wifi akawa anaugeuza mto kila asubuhi kutafuta ile alama ya njano. Homa ikaondoka, mto ukabaki mkavu. Mdogo wangu hakufurahi. Aliogopa kufurahi mapema. Ila nilisikia kwamba Mzee Kipara ameulizwa tena staili.

Asubuhi ya kurudi kwa daktari nilifika kibandani kuwachukua. Wifi aliomba ruhusa kazini na alikuwa amevaa gauni lake zuri. Mdogo wangu alitaka mtoto aende nadhifu, basi akamkalisha kwenye ubao, akamfunga kitambaa na kumpuliza kisogoni, akaiwasha mashine.

Kamanda aliruka. Aliruka mwili mzima, mabega yakamfika masikioni, akageuka kutafuta kitu gani kimenguruma nyuma yake. Akakiona mkononi mwa baba yake. Akabana masikio yote mawili kwa viganja na kupiga yowe ambalo lilimtoa fundi viatu kwenye kazi yake.

"Kuna nini?" fundi viatu aliuliza kutoka mlangoni.

Mdogo wangu hakuzima mashine mara moja. Alisimama nayo ikinguruma, mdomo wazi kidogo, anamtazama binti yake akilia kama nilivyowahi kuona watu wakitazama jua likitoka. Kisha akaizima, Kamanda akanyamaza. Akaiwasha, mara moja tu, mbali, upande wa pili wa kibanda. Kamanda akabana masikio.

"Acha kumtesa mtoto," wifi alisema. Lakini alikuwa ameshika mgongo wa kiti, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Anaogopa," mdogo wangu alisema. "Mke wangu, anaogopa mashine."

Alimalizia kwa mkasi, taratibu, nywele kidogo kidogo, akiimba ule wimbo wake usio na maneno. Ilikuwa mara ya kwanza binti yake kuuhitaji.

Hospitali, daktari alichungulia kulia, kushoto, akarudia. Akaweka kile kifaa kingine kinachosukuma hewa.

"La kulia limekauka," daktari alisema. "La kushoto bado kidogo sana, linaondoka. Vijirija tuviache kwanza. Mmefanya nini?"

Wakamweleza, wakipokezana, kiti, sheria, chai. Daktari alicheka kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu mwembamba vile.

"Si chupa peke yake," alisema alipotulia, "msije mkajibebesha lawama yote. Mtoto amekua, mafua yamepungua, mrija nao unarefuka. Lakini ilikuwa inachangia, ndiyo. Nitaongeza kwenye maswali yangu. Nitauliza, analala wapi mchana. Akiugua tena mnamleta, hatujamaliza. Kuna tatizo jingine?"

"Anaogopa mashine ya kunyolea," mdogo wangu alisema.

"Pole."

"Hapana, Daktari. Asante."

Alasiri tulirudi kibandani, maana wateja hawangoji. Mzee Kipara alikuwa amesubiri mlangoni muda mrefu, kidevu kimeota ndevu, glasi ya chai mkononi. Aliambiwa habari, akatikisa kichwa chake kinachong'aa na kusema kwamba alijua tangu mwanzo, na kwamba hospitali wangemuuliza yeye. Akaketi, glasi ikaenda kwenye rafu, kiti kikaguna na kushuka. Povu likapakwa.

Kamanda alikuwa amesimama kando na kikombe chake cha maziwa. Aliutazama mlima wa theluji, akamtazama mzee aliyelala chini yake. Mzee Kipara akanyoosha mkono, polepole, kwa ujanja, kuelekea kwenye glasi.

"Kaa," alisema Kamanda.

Lilitoka wazi, bila kona, neno zima. Mdogo wangu aliganda na brashi hewani.

Mzee Kipara aliurudisha mkono. Akaomba kiti kinyanyuliwe, akanyanyuka nacho, akakaa wima, povu linamdondokea kifuani, na kumgeukia Kamanda kwa heshima zote.

"Ndiyo, Afande," alisema.

Ndipo akanywa chai yake.